Handbreki Iliyoganda: Usikimbilie Kubadili Waya

Handbreki ya Mazda MX-5 ya toleo la kwanza ikigoma kuachia, wengi huamini waya umevutika. Sivyo: waya uliovutika huifanya handbreki iwe dhaifu, hauigandishi.

Zuia magurudumu ya mbele, inua nyuma, weka stendi, shusha handbreki, kisha chomoa waya kwenye wenzo wa kalipa (kifaa kinachobana diski ya breki gurudumuni). Gurudumu likiwa jepesi kuzungusha sasa, waya umekazwa mno au umeshika kutu ndani ya ala yake. Likibaki zito, chunguza kalipa: wenzo umeganda kwa kutu, au pini za kutelezea zimekauka. Hapo ndipo kazi ilipo. Safisha, paka grisi ya breki isiyoharibu mpira. Tafadhali usiulegeze waya ili kuficha kasoro. Gari likiegeshwa mlimani litashuka lenyewe.