Pikipiki Iliyolala Stoo: Tunayoambiana na Ukweli Wake

Kuanzia Kibosho hadi Marangu kuna stoo zenye Honda CG125 au Yamaha DT ya mzee aliyestaafu, imelala chini ya magunia. Nyingi zingeweza kutembea tena. Zinauliwa siku ya kuamshwa, kwa maneno tuliyozoea kuambiana gereji.

"Weka petroli mpya, piga kiki, itawaka." Hili ndilo baya kuliko yote. Pikipiki ikikaa miaka, kuta za silinda hukauka na kushika kutu. Ukiipiga kiki hivyo hivyo, ringi za pistoni zinazikwaruza kuta hizo. Toa plagi kwanza, mimina oili kijiko kimoja kwenye tundu lake, iache hadi kesho yake. Kisha isimamishe kwa stendi kubwa, weka gia ya mwisho, zungusha gurudumu la nyuma taratibu kwa mkono. Likigoma, ongeza oili usubiri tena. Usipande juu ya kiki kwa uzito wako wote.

Petroli ya zamani imwagwe yote, tangi likaguliwe kutu, kabureta ifunguliwe. Petroli iliyokaa huganda kama gundi na kuziba jeti, yaani kipande chenye tundu dogo linalopitisha petroli. Kitundu cha jeti kimepimwa kiwandani, kwa hiyo kizibuliwe kwa dawa ya kabureta na upepo wa kompresa. Fundi akishika waya wa chuma, mzuie kwa heshima. Akikipanua, pikipiki itakunywa mafuta kuanzia hapo.

"Inatoa moshi mweusi, injini imekwisha." Hapana. Moshi mweusi ni petroli iliyozidi. Kwa injini ambayo petroli yake haichanganywi na oili, moshi wa bluu ndio wa kutia wasiwasi. Arusha mjini iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na hewa ni nyepesi, hivyo kabureta iliyosetiwa Dar es Salaam huzidisha petroli ikifika huku. Plagi ikiwa na masizi makavu meusi, anza na chujio la hewa na kabureta kabla hujamruhusu mtu kupasua injini.

"Haina moto, nunua koili." CG125 za mwanzo hutumia platini, yaani swichi ndogo inayofunguka na kufunga ili plagi itoe cheche, nayo ikikaa hushika utando. Isugue kwa msasa laini, ifute, upime nafasi yake: milimita 0.3 hadi 0.4. Mara nyingi moto unarudi bila kununua chochote.

Betri ya volti 12 haiongezi nguvu kwenye pikipiki ya volti 6. Inaunguza balbu, na chaji haitoshi kuijaza.

"Ikishawaka, twende." Hapa nawasihi vijana. Tairi lenye meno marefu linaweza kuwa limekufa. Tafuta namba nne ubavuni: 2312 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2012. Ukiona nyufa, litoe, hata kama meno yote yapo. Fungua breki za ngoma pia, maana gundi inayoshika bitana (utando unaosugua ngoma) ya zamani huachia, na mteremko wa Marangu kwenda Himo si mahali pa kuligundua hilo. Vumbi lake usilipulize kwa kompresa wala mdomo, kwa kuwa bitana za enzi hizo nyingi zina asbesto. Lifute kwa kitambaa kilicholowa.

Na kabla hujatumia pesa hata kidogo, muulize mzee kadi ya pikipiki iko wapi, kisha uhakikishe TRA (Mamlaka ya Mapato) kwamba namba ya fremu inalingana nayo.