Marufuku kamili ya matangazo ya sigara: maana yake

Marufuku kamili ya matangazo ya tumbaku ni sheria inayoziba kila njia ambayo kampuni ya sigara hutumia kuvuta wateja: redio, televisheni, magazeti, mabango, udhamini wa michezo, zawadi, sampuli za bure, fulana na miavuli yenye nembo. Marufuku ya nusu huziba baadhi tu. Ya nusu hupendeza kwenye karatasi, lakini haifanyi kazi, kwa sababu fedha za matangazo hazipotei. Huhamia pale ambapo sheria imenyamaza.

Marekani ilionyesha hilo wazi. Tangu 1967, vituo vilivyorusha matangazo ya sigara vililazimika pia kutoa muda wa bure kwa ujumbe wa kupinga uvutaji. Tarehe 2 Januari 1971 matangazo hayo yalipoondolewa redioni na kwenye televisheni, wajibu wa kutoa muda wa bure uliondoka pamoja nayo. Kampuni zikageukia magazeti, mabango na michezo. Mwaka huohuo mbio za magari za NASCAR zilianza kubeba jina la sigara za Winston, huku tenisi ya wanawake ikibeba jina la sigara za Virginia Slims. Televisheni iliyokatazwa kurusha tangazo la nusu dakika ikawa inaonyesha jina lilelile mchana kutwa.

Kenya nayo iliyaona hayo. Dereva Colin McRae aliposhinda mbio za magari za Safari Rally mwaka 1997, Subaru yake ya buluu ilibeba tarakimu 555 za manjano, chapa ya sigara. Mtoto aliyeshangilia gari hilo alikuwa ameshaisoma chapa.

Ndiyo maana Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa Kudhibiti Tumbaku, ambao Kenya iliuridhia Juni 2004, unatoa tafsiri pana. Tangazo ni mawasiliano, pendekezo au tendo lolote la kibiashara ambalo lengo lake, matokeo yake, au matokeo yanayotarajiwa, ni kuitangaza bidhaa ya tumbaku au matumizi yake, moja kwa moja au kwa kuzunguka. Hapa kampuni haiwezi kujitetea kwa kusema haikukusudia. Matokeo yanatosha. Ibara ya 13 ndiyo inayodai marufuku yenyewe.

Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya Kenya ilipitishwa 2007 na kuanza kutumika Julai 2008. Ilipiga marufuku matangazo na udhamini, ikaagiza onyo kwa Kiingereza na Kiswahili lichukue angalau asilimia 30 ya uso wa mbele wa pakiti na asilimia 50 ya nyuma. Kanuni za 2014 zikaongeza picha za madhara. Kampuni ya sigara ya BAT (British American Tobacco) ilizipinga mahakamani, ikashindwa hadi Mahakama ya Upeo, Novemba 2019.

Lakini pakiti yenyewe bado ni bango dogo, maana rangi na nembo zimebaki. Australia iliondoa hata hizo kuanzia Desemba 2012.

Jijini Nairobi pengo kubwa liko kwenye kioski. Sheria inataka pakiti iwe na sigara zisizopungua 10, lakini mwenye duka huifungua na kuuza mojamoja. Mnunuzi huondoka na sigara isiyo na onyo lolote, nayo pakiti yenye chapa inabaki wazi mbele ya mtoto aliyetumwa mkate. Onyo la picha, lililopiganiwa karibu miaka mitano, halimfikii mvutaji ambaye hanunui pakiti kamwe. Pengo jingine ni vifuko vidogo vya nikotini vinavyowekwa mdomoni, vyenye ladha ya matunda na minti. Havina moshi, kwa hiyo wauzaji huvinadi kwa vijana kana kwamba sheria ya tumbaku haiwahusu.

Ukiona kioski kilichopakwa rangi na jina la sigara, au vijana wakigawa sampuli nje ya klabu, piga picha, andika tarehe, mtaa na chapa, kisha upeleke kwa afisa wa afya ya umma wa eneo lako.