Kabla ya kumlaumu refa: yaliyobadilika katika raga ya wachezaji 13 na njia sahihi ya kulalamika

Msimu huu klabu kadhaa za watoto na vijana huku kaskazini mwa Uingereza zimetuomba tuandike kwa Kiswahili. Wazazi wapya wanaosimama pembeni mwa uwanja, wengi wao kutoka Kongo, Burundi, Tanzania na Kenya, wamekuwa wakipeleka malalamiko kwa watu wasiohusika, na wachache wamemfuata refa mpaka kwenye gari lake. Ninaandika kama msimamizi wa mafunzo katika chama cha waamuzi. Ninaamini kwamba karibu kila mzazi anayepaza sauti anampigania mwanawe. Lakini sheria na namna ya kuzisimamia vimebadilika sana katika miaka michache, na asiyejua kilichobadilika ataona uonevu mahali pasipo na uonevu.

Tuwekane sawa kwanza kuhusu mchezo wenyewe. Hii si raga ya wachezaji 15 wala ya saba saba inayochezwa Nairobi. Njia zilitengana mwaka 1895, klabu za kaskazini zilipokutana Hoteli ya George mjini Huddersfield na kujitoa katika chama kikuu. Ugomvi ulikuwa juu ya kuwafidia wachezaji wa migodini na viwandani mshahara walioukosa kwa ajili ya mechi. Mwaka 1906 wachezaji wakapunguzwa kutoka 15 hadi 13, na ukaja utaratibu wa aliyekabwa, yaani aliyeshikwa na kuzuiwa akiwa na mpira, kuinuka na kuupitisha mpira nyuma kwa mguu. Mpira haugombewi pale chini. Kwa hiyo mzazi anayepiga kelele refa aache wagombanie mpira ardhini anadai sheria ya mchezo mwingine kabisa, na hili tunalisikia kila Jumapili.

Mambo ya pointi na vipimo vya uwanja sitayarudia, kila kocha anayafahamu.

Mabadiliko si mageni kwetu. Mwaka 1966 timu iliwekewa ukomo wa kukabwa mara nne kabla ya kupoteza mpira, na mwaka 1972 ikawa mara sita. Mwaka 1983 trai, yaani kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa goli la wapinzani, ikapandishwa kutoka pointi tatu hadi nne. Mwaka 2020 nchini Australia, kisha hapa katika Super League, ligi yetu kuu, baadhi ya makosa yanayochelewesha mpira baada ya mtu kukabwa yaliacha kuadhibiwa kwa penalti. Badala yake hesabu ya kukabwa huanza upya na mchezo unaendelea. Mwaka huohuo ligi kuu ya Australia ilirudisha refa mmoja uwanjani baada ya kutumia wawili tangu 2009. Chama cha waamuzi wa kulipwa cha huko kilipinga na kulifikisha suala hilo mbele ya tume ya kazi, kisha pande mbili zikaelewana na utaratibu wa refa mmoja ukabaki. Ninaitaja Australia kwa sababu wengi wanadhani mabadiliko hutoka kwetu sisi waamuzi. Hayatoki kwetu. Uamuzi hufanywa mezani na wengine, na refa ndiye anayekuwa wa kwanza kuzomewa kwa ajili yake.

Badiliko linaloleta malalamiko mengi kuliko yote ni la kichwa. Wachezaji kadhaa wa zamani wameifungulia RFL, chombo kinachosimamia mchezo huu Uingereza, madai ya kisheria kuhusu madhara ya ubongo. Desemba 2023 RFL ilitangaza mpango wa kushusha urefu halali wa kukaba hadi chini ya kwapa, na kuanzia msimu wa 2024 kugonga kichwa kukaanza kuadhibiwa kwa ukali zaidi. Mstari wa urefu unaotumika hutegemea ngazi na mashindano. Refa wetu huelezwa kabla ya mechi ni mstari upi unatumika siku hiyo, na kocha pia huelezwa. Kama kocha hakuwaambia wazazi, swali hilo liende kwa kocha.

Nieleze refa anachotazama, maana hapa ndipo kelele zinapoanzia. Mtoto anakuja na mpira mbio, mkabaji anamsubiri wima. Bega linatua kifuani, mkono unateleza juu ya jezi, unapita shingoni, kiwiko kinaishia tayani. Kwa mzazi aliye mita arobaini, amekaba kifuani na refa kakosea. Refa aliyesogea pembeni ili aone nafasi kati ya miili miwili anajiuliza mambo kadhaa ndani ya sekunde mbili: mguso wa kwanza ulikuwa wapi, je, kichwa kiliguswa hatimaye, kwa nguvu kiasi gani, mkabaji alijaribu kuinama au alibaki wima, na mwenye mpira alishuka ghafla kiasi kwamba hakukuwa na namna ya kumkwepa. Jibu la hilo la mwisho linaweza kupunguza adhabu. Halimsafishi mkabaji aliyekuja wima tangu mwanzo, kwa sababu mkabaji ndiye mwenye wajibu wa kuinama. "Hakukusudia" si utetezi. Naomba hili lieleweke vizuri, kwa sababu ndilo neno la kwanza katika nusu ya barua tunazopokea. Sheria haiulizi kusudio pale kichwa kinapogongwa kwa uzembe.

Adhabu zimepangwa hivi. Kosa dogo ni penalti. Kosa zito zaidi ni kadi ya njano, ambayo kwa watu wazima ni kukaa nje dakika 10. Mashindano ya watoto yana taratibu zake, na klabu inazo kwa maandishi. Kosa la hatari kubwa ni kadi nyekundu: mchezaji anatoka, harudi, na timu inamaliza na mtu mmoja pungufu. Baada ya kadi nyekundu refa anaandika ripoti, klabu inapewa nakala, jopo la nidhamu linakaa na kuamua mechi za kusimamishwa. Klabu ina haki ya kukata rufaa ndani ya muda uliowekwa, na muda huo ukipita rufaa haisikilizwi hata kama ina mashiko. Refa hahudhurii kikao ili kumshtaki mtoto; huitwa tu kama jopo lina swali. Refa pia hachagui idadi ya mechi. Kumpigia simu akupunguzie adhabu ni kupoteza muda, na simu hiyo yenyewe inaweza kuripotiwa.

Kuna mtoto anayetolewa nje si kwa kosa bali kwa sababu amegongwa kichwa. Hapo refa hajadiliani na mtu yeyote. Mwongozo wa serikali ya Uingereza uliotolewa Aprili 2023 unasema wazi: ukiwa na shaka, mtoe. Anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo anatoka papo hapo na harudi siku hiyo, hata akisema yuko sawa. Anatakiwa kuonwa na mtaalamu wa afya, au ipigwe namba 111, simu ya ushauri wa afya, ndani ya saa 24. Anapumzika saa 24 hadi 48, kisha anarudi shughulini polepole. Haruhusiwi mazoezi yenye hatari ya kugongwa kichwa mpaka amalize siku 14 bila dalili zozote, na hachezi mechi kabla ya siku 21 tangu alipoumia, hata kama dalili ziliisha siku ya pili. Tunawaona wazazi wanaomleta mtoto baada ya wiki moja kwa sababu Jumapili ni nusu fainali. Tunawaona pia wanaompeleka klabu ya mtaa wa pili ambako hawajui alichopata. Huyo ni mwanao, na ubongo anao mmoja tu. Refa anayemkataza kurudi uwanjani wakati wewe unamkazania acheze ndiye aliye upande wake.

Sasa utaratibu wa malalamiko, ambao nitaueleza kwa urefu kwa sababu ndio unaokosewa zaidi. Wakati wa mchezo, anayeweza kumuuliza refa ni nahodha peke yake, tena mpira ukiwa umesimama. Baada ya filimbi ya mwisho hakuna mazungumzo na refa kuhusu uamuzi wowote. Ondokeni, laleni, kisha kama bado mnaona kuna jambo mwambieni katibu wa klabu, kwa maandishi. Andikeni tarehe, timu, rika, takriban dakika ya tukio na mlichokiona. Msiandike mnachodhani refa alikusudia. Katibu hupeleka kwa ligi, ligi huleta kwetu. Kama kuna video, tunaiangalia pamoja na refa mwenyewe, na mara nyingi tunamtuma mkaguzi akamtazame katika mechi inayofuata. Tunachomwambia refa kinabaki kati yake na sisi. Matokeo ya mechi hayabadilishwi kwa njia hii, na hakuna barua, hata ikiwa na saini za wazazi wote, itakayoyabadilisha. Malalamiko yanayorushwa kwenye kundi la WhatsApp hayatufikii kama malalamiko. Yanatufikia kama ushahidi dhidi ya aliyeandika.

Lugha chafu ni mlango mwingine kabisa. Refa akitukanwa huandika maneno yaleyale yaliyotamkwa, bila kuyalainisha, na kutaja kama yametoka kwa mchezaji, kocha au mtazamaji. Klabu inawajibika kwa watazamaji wake, kwa hiyo tusi la mzazi mmoja linaweza kuigharimu klabu faini, na mzazi mwenyewe kuzuiwa kufika uwanjani. Kutukana kwa Kiswahili au Kilingala ukidhani refa haelewi hakukuokoi. Wachezaji wa pande zote mbili wanaelewa, na jopo lina wakalimani. Kumgusa refa kwa ukali, kumsukuma au kumzuia njia ni jambo la ngazi nyingine, ambapo kusimamishwa huhesabiwa kwa miezi au miaka, na polisi wanaweza kuitwa.

Refa aliye chini ya miaka 18 naye ni mtoto mbele ya sheria. Wengi wanaochezesha watoto wadogo bado wako sekondari. Ukimzingira na kumfokea, faili haliishii kwenye nidhamu. Linakwenda kwa afisa wa ulinzi wa watoto, kama ambavyo lingekwenda endapo mtu angemfanyia hivyo mwanao.

Hapa nifungue kidogo milango ya chama, kwa sababu watu wanadhani tuna bohari la waamuzi. Hatuna. Mpangaji wetu wa mechi ni mfanyakazi wa ghala anayekaa mezani usiku baada ya zamu, na orodha ya mechi za wikiendi upande mmoja na majina ya waliosema wanapatikana upande wa pili. Orodha ya mechi ni ndefu kuliko ya majina. Huanza na za watu wazima na vijana wakubwa, ambako hatari ya kuumizana ni kubwa zaidi. Za watoto wadogo mara nyingi huachiwa mtu wa klabu mwenyeji. Ijumaa usiku simu inalia: refa wa miaka 16 anajiondoa, mama yake amekataa kumrudisha uwanjani baada ya yaliyompata wiki iliyopita. Mpangaji anaanza upya. Wazazi wa Jumapili wanapoona baba wa mchezaji mmoja ndiye mwenye filimbi, wanalalamika kwamba kuna upendeleo, bila kujua mechi iliponea chupuchupu kufutwa.

Kubadilisha namna waamuzi walivyozoea kufanya kazi nako si rahisi. Refa aliyechezesha miaka 20 alijifunza kuangalia shingo. Leo tunamwambia macho yashuke kwapani. Refa mpya anajua mstari mpya lakini anaogopa kutoa kadi mbele ya kocha anayemzidi umri mara tatu. Tumewaunganisha wawili wawili, mkongwe na kijana, wanakaa na vipande vya video na kila mmoja anaandika uamuzi wake kabla ya kusikia wa mwenzake. Mwanzo walikuwa wakitofautiana mno. Sasa wanakaribiana, ingawa bado kuna kukaba kwa aina fulani, hasa watu wawili wakimkaba mmoja kwa pamoja, ambako hata wakaguzi wetu hawaoni sawa. Kwa hiyo ndiyo, mtaona kosa linalofanana likiadhibiwa tofauti viwanja viwili. Tunalifanyia kazi, na ripoti iliyoandikwa vizuri na klabu inatusaidia katika kazi hiyo kuliko kelele za pembeni.

Mwisho kabisa, kwa wanaotaka kujiunga. Kozi ya mwanzo ya uamuzi hutangazwa kupitia klabu na kwenye tovuti ya RFL. Hakuna sharti la kuwa umewahi kucheza. Mtu mzima atakayechezesha watoto lazima apitie ukaguzi wa rekodi za jinai unaoitwa DBS. Aandae kitambulisho na anwani za alikoishi miaka mitano iliyopita, zikiwemo za nje ya Uingereza, maana hapo ndipo fomu nyingi za wageni hukwama. Ukikosa tarehe kamili ya kuhama, usiache nafasi wazi. Muulize afisa wa ulinzi wa watoto wa klabu yenu kabla ya kutuma. Kiingereza cha kawaida kinatosha: maneno ya refa uwanjani ni machache, na ishara za mikono zinafundishwa siku ya kwanza.