Matabaka ya ramani kwenye QGIS: yanayosemwa na yalivyo

Ramani ya mafuriko ya Dar es Salaam, mfano wa zile ambazo Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani pamoja na wananchi, walianza kuzichora mwaka 2015, ina matabaka mengi: picha ya droni, mito, mifereji, barabara, majengo, mipaka ya mitaa. Wengi wanaoyapanga kwenye QGIS, programu ya kutengeneza ramani kwenye kompyuta, wamefundishana wao kwa wao, na baadhi ya wanayoambizana yanapoteza kazi.

"Nimehifadhi mradi, basi data zote zimo."

Hazimo, na hakuna dhana inayoumiza watu kama hii. Faili ya mradi, ile ya .qgz, inatunza rangi, lebo, mpangilio wa matabaka na njia ya kuzifikia data. Majengo yenyewe yako kwenye folda yake ya zamani. Mtumie mwenzako .qgz peke yake, ataambiwa matabaka hayapatikani. Tuma folda nzima, au, bora zaidi, kusanya matabaka ya vekta (yale ya nukta, mistari na maumbo) kwenye GeoPackage moja, yaani faili moja inayobeba matabaka mengi. Anayetumia shapefile, muundo unaogawa tabaka moja kwenye faili kadhaa, asibebe .shp pekee: maelezo ya kila jengo yamo kwenye .dbf, na mfumo wa majiranukta (namba zinazoonyesha mahali) kwenye .prj.

Angalia pia tabaka lenye alama ya chipu kando ya jina lake. Hilo ni la muda tu. QGIS huonya kabla ya kufunga, lakini mtu mwenye haraka anabofya bila kusoma, na mifereji aliyoichora mchana kutwa inapotea.

"Nikiliondoa tabaka kwenye orodha, faili imefutika." La. Liongeze tena, utalikuta kama lilivyokuwa.

"Tabaka lililofichwa haliingii kwenye hesabu." Linaingia ukilichagua. Tiki na mpangilio vinahusu kuonekana tu: programu inachora kuanzia chini kwenda juu, ndiyo maana picha ya droni ikikaa juu inafunika kila kitu.

"Tabaka limekaa kando, nalibadilishia mfumo wa majiranukta kwenye sifa zake."

Hapa nawasihi mwende taratibu. Ramani nyingi za zamani za Tanzania zilitumia Arc 1960. GPS hutumia WGS 84. Kati ya mifumo hiyo kuna tofauti ya takriban mita 300, inayotosha kuihamisha nyumba kutoka bondeni Jangwani hadi mahali pasipofikiwa na maji. Ukibadili mfumo kwenye sifa za tabaka, namba zinabaki zilezile, ila sasa zinasomwa kimakosa. Tabaka ambalo mfumo wake umeandikwa sawasawa QGIS hulipangilia yenyewe juu ya mengine. Ukitaka kulihamishia kwenye EPSG:32737, yaani mfumo wa WGS 84 / UTM kanda ya 37 Kusini, ambamo Dar es Salaam imo, tumia zana inayokokotoa upya majiranukta yote na kukupa tabaka jipya. Kubadili kwenye sifa kunafaa pale tu tabaka lilipokuja bila .prj, au likiwa na mfumo usio wake, nawe unajua kwa hakika lilipimwa kwa mfumo upi.