Je, ni madini yaliyoanzisha vita vya mashariki mwa Kongo?

Kwa miaka mingi imesemwa kwamba vita vya mashariki mwa Kongo vilizuka kwa sababu ya koltani, madini yanayotumika katika vifaa vya elektroniki kama simu, na kwamba biashara yake ikizibwa amani itarejea. Mfuatano wa matukio hauyaungi mkono maelezo hayo. Mapigano ya Masisi, eneo la Kivu Kaskazini, yalianza mwaka 1993, ilhali bei ya koltani ilipaa mwaka 2000; kilichogombewa mwanzoni kilikuwa ardhi, mamlaka ya kimila na uraia, kwani sheria ya 1981 ilifuta uraia ambao wazungumzaji wengi wa Kinyarwanda wa Kivu walikuwa wamepewa mwaka 1972, kisha wimbi la wakimbizi wa 1994 kutoka Rwanda, wakiwamo wenye silaha, likauchochea moto uliokuwa tayari unawaka. Madini yamevirefusha vita, na jambo hilo ni zito. Hata hivyo, Rais Joseph Kabila aliposimamisha uchimbaji Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema kuanzia Septemba 2010 hadi Machi 2011, wachimbaji wadogo walipoteza riziki, lakini makundi yenye silaha yalibaki, kwa kuwa yalijipatia fedha pia kwa kutoza watu barabarani na kwenye biashara ya mkaa.