Kiwiliwili Kinavyojipinda: Mwendo wa Binadamu na wa Sokwe

Siku ukiwa Likoni watu wakishuka feri, acha kutazama miguu yao. Tazama mabega na nyonga. Mguu wa kulia ukitangulia, nyonga ya kulia huufuata mbele, lakini bega la kulia hurudi nyuma na mkono wa kushoto ndio unaokwenda mbele. Kila hatua kiwiliwili hujipinda katikati, na bila hivyo mwili mzima ungezunguka ovyo kila mguu unaporushwa.

Kwa muda mrefu wataalamu waliamini binadamu peke yake ndiye anayeweza hili. Sokwe ana pingili tatu au nne tu za kiuno, sisi tuna tano. Tena mifupa ya nyonga yake ni mirefu, imepanda hadi karibu kugusa mbavu za chini. Akisimama kwa miguu miwili, ilidhaniwa, atakwenda mkavu kama gogo. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya sokwe na watu wakitembea, na ikaonekana sokwe hujipinda karibu sawa na sisi. Ni habari nzito, maana ile dhana ya ukavu ndiyo iliyokuwa ikitumika kukisia mwendo wa viumbe wa kale kama Lucy, jamaa wa kale wa binadamu aliyeishi Ethiopia miaka milioni 3.2 iliyopita.

Panapotutenga hasa ni penye nyonga. Ya sokwe huzunguka kwa mapana zaidi, magoti yake hubaki yamekunjwa, na kiwiliwili huyumba huku na huku. Mifupa yetu ya nyonga ni mifupi na imegeukia ubavuni, kwa hiyo misuli ya pembeni ya makalio huishika nyonga isianguke tunapokuwa juu ya mguu mmoja. Ya sokwe imeelekea mgongoni. Misuli hiyo haina mvuto huo.

Ndiyo maana nasisitiza msipuuze mzee anayeanza kuyumba upande mmoja, au kijana aliyeumia nyonga kwa ajali ya bodaboda. Mwambie asimame mguu mmoja, mkono ukutani, nawe uwe nyuma yake. Nyonga ya upande wa mguu ulioinuliwa ikishuka, misuli ya upande ule mwingine huenda imedhoofu. Mpelekeni kwa mtaalamu wa fiziotherapia apimwe. Mara nyingi mazoezi huirudishia misuli hiyo nguvu.