Kubeti mpira wa wavu: yanayosemwa na yaliyo kweli

Watu wakianza kuzungumzia kubeti, mpira wa wavu hutajwa kama njia ya mkato. "Huku hakuna sare," wanasema, "timu ni mbili tu, chagua iliyo bora." Nimeucheza mchezo huu nikiwa seta, yaani mpangaji wa mipira ya kushambulia, nimeufuatilia kwa miaka mingi na ninaupenda. Ndiyo maana inaniuma kuona watu wakipoteza pesa kwa maneno ambayo ukikaa na kalamu na karatasi kwa nusu saa hayasimami.

"Hakuna sare, kwa hiyo ni rahisi kupatia"

Sare haipo, hilo ni kweli. Lakini ugumu wa kubeti hautokani na idadi ya matokeo, unatokana na bei. Chukua timu mbili zinazolingana kabisa. Kama kampuni ya kubeti isingejikatia chochote, kila upande ungepewa odi ya 2.00, yaani ukipatia unarudishiwa dau lako mara mbili. Utakachokuta kwenye orodha ni 1.90 kwa 1.90, au hata 1.85 kwa 1.85. Kwa odi ya 1.90 unatakiwa kupatia karibu mara 53 katika 100 ili tu pesa yako irudi, kwa 1.85 ni zaidi ya mara 54. Anayebahatisha hupatia 50. Pengo hilo dogo ndilo mshahara wa kampuni, na linakatwa kwenye kila dau, uwe unaujua mchezo au huujui.

"Timu kubwa haifungwi, iweke kwenye mkeka"

Mkeka ni dau moja lenye mechi kadhaa, nalo hulipa tu zote zikipatia. Hapa pana ukweli ndani yake, na ndio unaowaponza watu. Katika wavu, timu bora hushinda mara nyingi kuliko kwenye soka, kwa sababu pointi ni nyingi. Soka inaweza kuamuliwa na bao moja la bahati. Mechi ya wavu ina mipira zaidi ya mia, na ubora mdogo hujikusanya. Timu inayoshinda pointi 52 katika kila 100 hushinda karibu seti 61 katika 100, na kwa kuwa mechi huchukuliwa na anayefikisha seti tatu kati ya tano, inashinda karibu mechi 70 katika 100. Ikifikisha pointi 55, mechi inazoshinda zinakaribia 90. Kwa hiyo ndiyo, vigogo hushinda.

Ila kampuni nayo imepiga hesabu hiyo hiyo. Ndiyo maana unapewa odi ya 1.20, na ndipo mtu anapoona ni ndogo mno, anaunganisha tano ili zipate nguvu.

Tuufungue mkeka huo. Timu tano, kila moja kwa odi ya 1.20, na kila moja ina nafasi 80 katika 100 ya kushinda. Ukizidisha, odi ya mkeka ni karibu 2.49. Nafasi ya timu zote tano kushinda kwa pamoja ni karibu 33 katika 100. Yaani mkeka uliojaa "timu za uhakika" unachanika mara mbili katika kila tatu. Ukiucheza mara 100 kwa dau la 100, utatoa 10,000 na kurudishiwa kama 8,200. Madau hayo hayo 100 ukiyaweka kwenye mechi moja moja ungerudishiwa 9,600. Zote ni hasara, lakini mkeka umeikuza ile ya 400 ikawa 1,800. Mtu atasema timu fulani "imemchania mkeka". Hapana. Makato ya kampuni yamekatwa mara tano, moja kwa kila timu, na aliyeyarundika ni yeye.

"Anayepiga sevu ana faida"

Sevu ni pigo la kuanzisha mpira, na dai hili limetoka kwenye tenisi. Katika wavu mambo yako kinyume, hasa kwa wanaume wa kiwango cha juu: timu inayopokea ndiyo inayopata nafasi ya kwanza ya kushambulia. Inapokea, seta anapanga, mtu anapiga smashi, wakati aliyesevu bado anakimbilia nafasi yake ya ulinzi. Zamani, katika seti nne za kwanza, timu iliyosevu tu ndiyo iliyoweza kuongeza pointi. Tangu mwaka 1999 kila mpira una pointi. Anayebeti ndani ya seti, pointi zikiwa 24–23, akadhani anayeongoza na kusevu amekwisha kumaliza kazi, amesahau kwamba mpira unaenda kwa upande wenye nafasi nzuri zaidi ya kuupata. Na kwa kuwa seti haiishi hadi pengo la pointi mbili lipatikane, ndivyo tunavyofika 29–27.

"Upepo umegeuka, wahi dau"

Kuna fainali mbili za Olimpiki za wanaume ambazo huwa ninazirudia mtu akiniambia habari za upepo.

London, 2012. Brazili iliifunga Urusi seti mbili, 25–19 na 25–20, na katika seti ya tatu ilikuwa pointi moja tu kutoka kwenye dhahabu. Kocha wa Urusi, Vladimir Alekno, alikuwa amemtoa Dmitriy Muserskiy kwenye nafasi ya kati ya wavu akampeleka kupiga kutoka pembeni. Urusi ikachukua 29–27, 25–22, na seti ya tano 15–9. Tokyo, kwenye michezo ya 2020 iliyofanyika 2021, Ufaransa iliongoza mbili bila dhidi ya Warusi, nao Warusi wakasawazisha kwa 25–21 mara mbili. Njia ni ile ile. Aliyefuata upepo baada ya seti ya nne angeweka kila kitu kwa Warusi. Ufaransa ilishinda ya tano, 15–12.

Seti ya tano huishia pointi 15 na si 25. Ni fupi, kwa hiyo bahati ina nafasi kubwa zaidi, na timu bora ina muda mchache wa kuonyesha ubora wake. Hilo unaweza kulipima. Upepo huwezi.

Fainali ya London ina jambo jingine ambalo watu wa hendikapu za pointi, yaani pointi ambazo timu huongezewa au kupunguziwa kabla ya kuhesabu dau, wanapaswa kulitazama kwa makini. Jumlisha pointi za Urusi: 19, 20, 29, 25, 15. Ni 108. Za Brazili: 25, 25, 27, 22, 9. Nazo ni 108. Mmoja kaondoka na dhahabu, mwingine na fedha, na hawakupishana hata pointi moja. Anayeamini kwamba mshindi wa mechi lazima awe na pointi nyingi akanunua hendikapu ya pointi kwa sababu "hawa wanashinda tu", amenunua kitu tofauti kabisa na alichokuwa akikifikiria. Mshindi wa mechi, hendikapu ya seti na hendikapu ya pointi ni bidhaa tatu.

Kuhusu kubeti mechi ikiendelea: picha unayoiona imechelewa kwa sekunde kadhaa. Kampuni hupokea pointi kutoka uwanjani moja kwa moja. Ukiona seta ameumia kifundo cha mguu, ujue odi ilishabadilika au imefungwa.

Wapo pia wanaochanganya wavu wa ukumbini na wa ufukweni. Ufukweni kila timu ina wachezaji wawili, seti huishia 21, na mshindi ni wa seti mbili kati ya tatu, huku ya mwisho ikiishia 15. Takwimu za huku hazikusaidii kule.

"Kuna wataalamu wa mechi za uhakika"

Mtu anaweza kukutumia matokeo sahihi mara tatu mfululizo bila kujua lolote. Anawatumia watu 800: nusu anawaambia timu A, nusu timu B. Waliopatia ni 400. Anarudia nao, wanabaki 200, kisha 100. Hao 100 wameona miujiza kwa macho yao, nao ndio wanaolipishwa kwa ajili ya mechi ya nne.

"Ukipoteza, ongeza dau mara mbili, utarudisha tu"

Hili ndilo linaloniogopesha kuliko yote, kwa sababu linasikika kama hesabu. Ifanye kweli, kwa odi ya 1.90. Umeweka 100, 200, 400, 800, zote zimekwenda: 1,500. Dau la tano ni 1,600, na safari hii umeshinda. Faida yake ni 1,440. Umeshinda na bado uko chini kwa 60. Ukichelewa kushinda hadi dau la saba, utakuwa umeshapoteza 6,300, utaweka 6,400, utapata faida ya 5,760, na bado unadaiwa 540. Na kupoteza mara nne mfululizo katika mechi za nusu kwa nusu hutokea mara moja katika kila majaribio 16.

Kwa hiyo mtu akiniuliza mbinu, namjibu hivi: tenga kiasi ambacho ungekitumia kwa tiketi ya kuingia uwanjani, kihesabu kuwa kimeshatumika, na andika kila dau kwenye daftari, yaliyoliwa na yaliyorudi, bila kuruka hata moja. Jumla ya ukurasa wa kwanza huwashangaza wengi. Kampuni nyingi zenye leseni zina sehemu ya kujiwekea kikomo cha pesa za kuweka, na nyingine ya kuifunga akaunti kwa miezi kadhaa. Ziko kwenye mipangilio ya akaunti, chini kabisa. Kama umeanza kumficha mtu wa nyumbani kiasi ulichoweka, ifunge usiku huu, na umwambie mtu huyo kwamba umeifunga.